Kidonda Kimefunga, Chuma Kimebaki

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa vitu viwili. Kuna risasi inayotoka kwenye mtutu, na kuna risasi ile madini laini ya kijivu ambayo mafundi betri huyayeyusha mtaani. Kwa askari aliyepigwa, vyote viwili huweza kuwa kitu kimoja kilicholala mwilini mwake, na kutibu jeraha la kwanza hakumalizi madhara ya pili. Kidonda kinafunga, nyuzi zinatolewa, askari anarudi kikosini au anastaafu, anajenga Machame au Usa River, anapalilia migomba yake. Chuma kinabaki. Kukiacha mwilini mara nyingi ni uamuzi sahihi wa kitabibu, na tutaeleza kwa nini. Lakini uamuzi huo una sharti, nalo ni kwamba mtu huyo afuatiliwe maisha yake yote. Sharti hilo ndilo tunaloliangusha njiani.

Wanaohusika wanaishi katikati yetu. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978 na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo anakaribia 70. Nyuma yao wamekuja walinda amani. Shambulio la tarehe 7 Desemba 2017 kwenye kambi ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, liliua wanajeshi 15 wa Tanzania na kujeruhi zaidi ya 40. Aprili 2024 bomu la mota liliua wengine watatu na kujeruhi wenzao wakiwa katika kikosi cha SADC huko huko Kongo. Waliokufa tunawaaga kwa heshima wanayostahili. Waliojeruhiwa hutajwa kwa sentensi moja, kisha hatusikii tena habari zao. Wapo pia raia waliopigwa na vipande ghala za silaha zilipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Yote yanayosemwa hapa yanawahusu na wao.

Tuanze na swali la familia: kwa nini daktari hakukitoa? Bomu la mota au la mkono linapolipuka, ganda lake hupasuka vipande vingi, vichache vikubwa kama punje ya hindi, vingi vidogo kama mtama. Mtu mmoja anaweza kubeba vipande thelathini kuanzia unyayo hadi bega. Daktari wa majeraha ya vita hufundishwa kuosha njia ya jeraha, kukata nyama iliyokufa, kutoa udongo, vipande vya nguo na chuma anachokutana nacho, kumpa majeruhi penisilini na kinga ya pepopunda, kuacha kidonda wazi, na kukifunga kati ya siku ya nne na ya saba kikiwa safi. Hafundishwi kuwinda kila kipande. Kipande cha milimita 3 kinachong'aa kwenye picha ya eksirei hakionekani kabisa ndani ya paja lenye damu. Picha ni bapa, paja ni la duara, na ukivuta msuli pembeni ili uone vizuri, kipande kinahama pamoja nao. Saa mbili za kukitafuta zinaweza kukata mishipa ya fahamu na kuharibu msuli kuliko kipande chenyewe kingefanya kwa miaka hamsini. Kikiwa ndani ya msuli, mwili hukizungushia kovu gumu na mara nyingi kinanyamaza humo moja kwa moja.

Kwa hiyo watoto wanaosema "mzee atolewe chuma chote" tunauelewa upendo wao, ila wanaomba kitu ambacho kinaweza kumwachia mguu usiotembea. Kinachostahili kutolewa ni kile kilicho mahali pabaya: ndani ya kiungo kama goti, nyonga au bega, ndani ya jicho, ndani ya njia ya uti wa mgongo, kilichogusa ukuta wa mshipa mkubwa wa damu, kinachotunga usaha, kinachokandamiza mshipa wa fahamu, au kilichokaa chini tu ya ngozi pale mtu anapokalia au anapokanyaga. Na kile kinachopandisha madini ya risasi kwenye damu, popote kilipo.

Goti ndilo tungetaka kila tabibu wa Kanda ya Kaskazini alielewe vizuri. Risasi nyingi za bunduki zina moyo wa madini ya risasi uliovikwa shaba. Zipo pia zenye moyo wa chuma, na nyingi za bunduki aina ya AK ni za namna hiyo. Risasi ikigonga mfupa, hupasuka. Vipande vyake vikibaki ndani ya msuli, kovu huvifunga na kinachoyeyuka ni kidogo. Vikibaki ndani ya goti, mambo ni tofauti kabisa. Ute unaolainisha goti una tindikali za mwili zinazoyeyusha risasi, na kila hatua anayopiga mzee inavisaga vipande kati ya mifupa kama unga kwenye jiwe. Vipande vidogo vingi ni vibaya kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu eneo linalogusana na ute ni kubwa zaidi. Diski za uti wa mgongo nazo zina tabia hiyo hiyo. Kwenye eksirei ya goti la namna hii utaona kitu ambacho ukishakiona mara moja hutakisahau: ukuta wa ndani wa kiungo umechorwa wote kwa vumbi jeupe, kana kwamba mtu amenyunyiza unga.

Sumu yenyewe haina haraka. Kiwango kwenye damu huweza kupanda ndani ya miezi mitatu ya kwanza, hasa kama mfupa ulivunjika, na huweza pia kujitokeza baada ya miaka ishirini au thelathini. Sehemu kubwa ya risasi iliyomo mwilini mwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90, huhifadhiwa kwenye mifupa, ambako hukaa miongo. Mtu akivunjika mfupa, akilala kitandani muda mrefu, akipata ugonjwa wa tezi la shingo, au mifupa ikianza kulika kwa uzee, akiba hiyo inarudi kwenye damu. Wazee wa Kagera sasa wamefika umri huo. Na kwa askari wa kike, ambao siku hizi nao wanakwenda kwenye operesheni, ujauzito hufanya vivyo hivyo, na risasi hupita kondo hadi kwa mtoto. Askari wa kike mwenye kipande mwilini apimwe damu kabla ya kushika mimba, na kliniki ya wajawazito ielezwe.

Sasa fikiria mgonjwa huyo anavyofika hospitali. Anachoka, tumbo linamkata, choo kigumu, kichwa kinauma, damu imepungua, presha imepanda, viungo vinauma, pengine kiganja kimelegea hakinyanyuki. Hakuna hata dalili moja kati ya hizo inayomwambia daktari neno "bomu". Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 uliwaangalia wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na homa: waliosemekana kitabibu kuwa na malaria walikuwa 528, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Hatuutaji ili kuwalaumu matabibu. Unaonyesha jinsi jibu lililozoeleka linavyofunga mlango kwa mengine. Kwa mwenye risasi mwilini, majibu yaliyozoeleka ni taifodi, vidonda vya tumbo na "uzee".

Huku kwetu yapo mawili zaidi. Maji ya sehemu nyingi za Arumeru na kuzunguka Mlima Meru yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na floridi ikizidi kwa miaka mingi hukaza mifupa na kuumiza viungo. Wafugaji nao hupata homa ya bruselosisi inayouma mgongo na nyonga. Kwa hiyo mstaafu wa Ngaramtoni mwenye goti bovu ana maelezo mawili ya haraka yanayomsubiri mlangoni, na yote yanaweza kuwa kweli, huku la tatu likiendelea kumla. Dawa yake ni swali moja ambalo halimo kwenye fomu ya mapokezi: "Mzee, uliwahi kuumia na risasi, bomu au mlipuko wowote, hata zamani sana?" Askari aliyelelewa kutosema mambo ya kazi hatajitolea kulisema mwenyewe. Ni lazima aulizwe.

Akijibu ndiyo, kazi inaanza na eksirei ya eneo lote, kwa pande mbili, mbele na ubavuni. Picha ya upande mmoja haionyeshi kina. Kila kovu la kuingilia libandikwe kibanio cha karatasi kwa plasta kabla ya kupiga picha, ili msomaji aone njia. Mbao na plastiki hazionekani kwenye eksirei. Kwa hizo tumia altrasaundi. Weka picha hiyo kama msingi wa kulinganishia, kwa sababu swali la maana siku zote ni kama kipande kimehama au kimebadilika umbo, na huwezi kulijibu ukiwa na picha moja.

Kisha damu. Sampuli ya damu ya kupima madini ya risasi huharibika kabla ya kufika maabara, na hutoa jibu la juu lisilo la kweli, ngozi ikiwa na vumbi au chupa ikiwa si ya kupimia madini. Osha mkono kwa sabuni, kausha, pangusa kwa spiriti, chukua damu ya mshipa na si ya kuchoma kidole, tumia chupa maalumu ya madini. Muulize pia kazi yake ya sasa: mstaafu anayetengeneza betri, kuchomelea au kupaka rangi ana chanzo kingine. Nchini Marekani kiwango cha mikrogramu 3.5 kwa desilita ndicho kinachotumika kusema mtu amepata risasi kuliko kawaida. Malalamiko ya wazi mara nyingi huanza karibu na 40, lakini presha na figo huathirika chini sana ya hapo bila mgonjwa kuhisi kitu. Kusubiri dalili ni kuchelewa.

Kwa zahanati isiyo na kipimo hicho, ipo dalili ya bure ambayo wengi wanaipita. Slaidi ile ile ya malaria iliyopakwa rangi ya Giemsa inaweza kuonyesha vidoa vya bluu vilivyotapakaa ndani ya chembe nyekundu. Selimundu huweza kuvileta pia, na kutoviona hakumsafishi mtu. Lakini mtaalamu wa maabara akiviona kwa mzee mwenye kovu la risasi, ana sababu tosha ya kuandika rufaa siku hiyo hiyo.

Kipimo kikiwa juu, kosa la kwanza ni kukimbilia dawa ya kuvuta madini na kuacha chanzo. Dawa inashusha kiwango kwenye damu, baada ya wiki chache kinarudi pale pale, na familia inaishiwa fedha. Njia sahihi ni kupanga upasuaji wa kutoa kipande na ukuta wa kiungo uliojaa vumbi, na mara nyingi dawa huanza kabla, kwa kuwa upasuaji wenyewe unaweza kumwaga risasi kwenye damu. Dawa ya kumeza, DMSA, hutolewa miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kila saa 8 kwa siku 5, halafu kila saa 12 kwa siku 14. Ile ya sindano ni EDTA yenye kalsiamu, na hapa tunawasihi wafamasia wasome lebo mara mbili: ipo EDTA ya sodiamu isiyo na kalsiamu, jina linafanana, na imeua watu kwa kushusha kalsiamu ya damu hadi moyo ukasimama. Baada ya tiba pima tena baada ya mwezi, kisha baada ya miezi mitatu, kwa sababu mifupa itaendelea kurudisha akiba yake.

Yako mambo mengine yasiyohusu sumu. Uvimbe unaodunda karibu na kovu si jipu. Ni mshipa wa damu uliotobolewa na kufunikwa na ukuta mwembamba, na unaweza kujitokeza miezi au miaka baadaye. Usitumbuliwe, usikandwe kwa maji ya moto. Weka stetoskopu, na ukisikia mvumo peleka rufaa. Usaha unaotoka, kufunga na kutoka tena kwa miaka ni mfupa ulioambukizwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na vidonge vya wiki moja baada ya wiki moja havitautibu. Kovu la miongo linalofumuka na kuota nyama mbaya kando lichukuliwe kipande cha nyama kikapimwe saratani. Maumivu ya kuungua au kama umeme ni ya mshipa wa fahamu na hayatulii kwa diklofenaki. Amitriptilini ya miligramu 10 hadi 25 usiku husaidia wengi, kwa tahadhari kwa mzee mwenye moyo au tezi dume. Na aulizwe usingizi wake, masikio yake, na jinsi anavyoshtuka mlango ukibamizwa, kwa sababu mlipuko hauumizi nyama peke yake.

Kwa aliyekatwa mguu, kipande kilichobaki kwenye kigutu hukandamizwa na mguu wa bandia kila hatua, na fundi hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Moshi ina bahati ya kuwa na TATCOT pale hospitali ya KCMC, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia. Eksirei ya kigutu kabla ya kuchukua umbo kwa plasta ingewaokolea mafundi hao na wagonjwa wao taabu nyingi.

MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali, inahitaji aya yake. Vipande vya mabomu ya mota na ya mkono kwa kawaida ni chuma, na chuma hufuata sumaku. Ndani ya paja, kipande kilichofungwa na kovu kwa miaka huenda kisisogee. Ndani ya jicho, kwenye ubongo, kando ya uti wa mgongo au mshipa mkubwa, kusogea milimita moja kunatosha kupofusha au kuua. Risasi ya shaba na madini ya risasi haivutwi, ile yenye moyo wa chuma inavutwa, na kwa macho ya nje zinafanana. Kwa hiyo eksirei ya kichwa na macho itangulie, na mtaalamu wa mionzi aamue. Kipande cha chuma kinachobaki ndani ya jicho huua uwezo wa kuona taratibu kwa kutu hata bila MRI, kuanzia kushindwa kuona gizani.

Marekani ilianzisha mwaka 2008, mjini Baltimore, kituo cha kufuatilia maveterani wenye vipande mwilini. Hupima mkojo wao kwa madini 14, yakiwemo risasi, nikeli, kobalti, tangsteni na urani, na huchunguza vipande vinavyotolewa. Sababu mojawapo ya hofu yao ni utafiti wa mwaka 2005 ambapo panya waliopandikizwa mchanganyiko wa tangsteni, nikeli na kobalti walipata saratani kali za msuli. Hatuna haja ya kuiga orodha yote ya madini. Mzee wa Kagera hakupigwa na tangsteni. Tunachopaswa kuiga ni daftari: kila mwenye kipande anajulikana, anaitwa, anapimwa.

Kwetu daftari hilo linaweza kuanza na kadi moja ngumu, ya ukubwa wa kitambulisho. Mbele iandikwe tarehe ya jeraha, aina ya silaha kama inajulikana, idadi ya vipande na mahali vilipo, hasa kama kipo ndani ya kiungo au jicho, na maneno "MRI: uliza kwanza". Nyuma iwe na mistari ya tarehe, kiwango cha risasi, presha, kreatinini (kipimo cha figo) na sindano ya pepopunda. Mwenye kipande ndani ya kiungo apimwe kila mwaka. Mwenye vya msulini, vipimo vikiwa sawa mara mbili mfululizo, kupimwa kila baada ya miaka michache kunatosha. Hata kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege wa KIA, kengele ikilia, kadi itamsaidia kujieleza.

Nani aitoe? Tunasema hospitali ya jeshi wakati wa kuruhusiwa, na kliniki ya mifupa ya hospitali ya rufaa kwa waliostaafu kabla ya utaratibu huo. Mkuu wa kliniki anaweza kutenga asubuhi moja kwa mwezi. Kazi ya kwanza ni ya muuguzi mmoja, daftari na eksirei. Kwa upande wa maabara, Arusha ina ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ina maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki pale Njiro, na ina Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Hospitali zikae nazo ziandikiane makubaliano: sampuli ipelekwe siku gani, chupa zitoke wapi, majibu yarudi kwa nani. Kipande kikitolewa kisitupwe kwenye ndoo. Kisuuzwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, kikaushwe, kiwekwe kwenye chupa kavu ya plastiki bila formalini, kiandikwe jina, tarehe na sehemu kilipotoka, kisha kipimwe ni madini gani. Jibu la kipande kimoja hutueleza habari za vyote vilivyobaki.

Na wakati kadi zinasubiriwa, familia zina kazi ya kufanya wikiendi hii. Katika masanduku mengi kuna bahasha kubwa ya kaki yenye filamu za zamani, zimeshikana kwa unyevu au zinaliwa na mende. Zitenganishe taratibu bila kuzilazimisha. Shikiza filamu kwenye kioo cha dirisha mchana, upande wa mawingu meupe na si wa jua kali, zima taa ya ndani, zima mwanga wa simu, piga picha nzima kisha ya karibu ya kila kipande. Hakikisha kona yenye jina, tarehe na alama ya kulia au kushoto imo ndani. Tuma kwa watoto wawili wanaoishi sehemu tofauti, kisha rudisha filamu kwenye bahasha kavu na uende nayo kliniki.